Umeme Ukirudi, Usikimbilie Swichi: Vidokezo vya Kulinda Kompyuta Kando ya Ziwa Mweru

Nchelenge, mji wa Zambia kando ya Ziwa Mweru, iko karibu na mwisho wa njia. Barabara inatoka Mansa, inapita Mwense na Mwansabombwe kwa chifu Mwata Kazembe, na ni baada ya kilomita zaidi ya 200 ndipo unaliona ziwa. Nyaya za umeme nazo zinatoka mbali, na kila kinu cha kusaga, kila friji na kila jiko lililo njiani linachukua chake kwanza. Kinachobaki ndicho kinachofika Kashikishi, jirani wa Nchelenge.

Kichekesho ni kwamba maji huko si haba. Mto Kalungwishi, unaoingia ziwani kaskazini ya Nchelenge, una maporomoko ya Lumangwe na Kabwelume, na mipango ya kufua umeme katika mto huo imezungumzwa kwa miaka mingi. Lakini taa za Zambia zinategemea zaidi mabwawa ya Kariba na Kafue, kusini kabisa. Mvua zilipogoma, Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa tarehe 29 Februari 2024. Mwezi uliofuata shirika la umeme, ZESCO, likaanza mgao wa saa nane kwa siku, na kabla mwaka haujaisha kulikuwa na sehemu zinazopata umeme saa tatu tu. Vinyozi na wachomelea vyuma wakageuka watu wa usiku wa manane.

Vidokezo hivi ni vya mwenye kompyuta katika mazingira hayo: duka la fotokopi, shule, zahanati, mfanyabiashara wa samaki anayeweka hesabu zake kwenye mashine. Aliye Kigoma, Pweto au Busia atajiona humu pia. Nimevipanga kwa kuanza na visivyogharimu kitu, maana mara nyingi watu hukimbilia cha bei ghali kwanza.

1. Umeme ukirudi, ngoja

Wengi wanadhani kompyuta huuawa na giza. Giza linaua kazi ambayo hukuihifadhi. Mashine yenyewe mara nyingi huumia umeme unaporudi. Mtaa mzima umekatiwa tangu asubuhi. Majiko yameachwa yamewashwa, friji zimepata joto, pampu zinasubiri. Laini ikiwashwa, vyote vinavuta kwa pamoja; volti zinashuka, zinapanda, na si ajabu umeme ukakatika tena ndani ya dakika mbili. Kompyuta iliyobaki kwenye soketi inapigwa mara tatu, nne, kabla hujamaliza kusema "afadhali".

Kwa hiyo umeme ukikatika, chomoa. Swichi ya ukutani haitoshi, chomoa plagi yenyewe. Acha balbu moja ikiwa imewashwa ikupe habari: ikikaa dakika kumi bila kuchezacheza, chomeka.

Kwa kompyuta ya mezani ipo dawa ya bure ambayo mafundi wengi huisahau. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS, tafuta sehemu inayoamua mashine ifanye nini umeme ukirudi, uiweke ibaki imezimwa. Kuna kompyuta za ofisi zilizopangwa kujiwasha zenyewe, na zitafanya hivyo saa nane usiku, mlango umefungwa, mtu hayupo, umeme unarukaruka.

2. Umeme hafifu una madhara yake

Kipimo cha kawaida cha Zambia ni volti 230. Jioni, wenye majiko ya umeme wanaposonga ubwali, yaani ugali, wote kwa wakati mmoja, si ajabu mwisho wa laini kukuta 180. Balbu inakuwa ya rangi ya machungwa, friji inanguruma bila kuanza, na kompyuta inaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kitu. Kumbe kipo. Pawa saplai ikipewa volti pungufu huvuta ampea nyingi zaidi ili ipate wati zile zile. Inachemka, na kapasita zake zinachoka kabla ya siku zake. Ndiyo maana mashine hufa Jumanne tulivu, umeme ukiwa mzuri tu, na mwenyewe anabaki anashangaa.

Nunua kipima volti kidogo cha kuchomeka kwenye soketi. Bei yake ni ndogo, na kinamaliza ubishi. Chini ya 190 zima kompyuta ya mezani. Chaja ya kompyuta mpakato ina uvumilivu zaidi: soma maandishi yake, na kama imeandikwa 100–240V, volti 170 hazitaiua.

Jambo moja la hatari. Pawa saplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye namba 115 na 230. Kuna anayedhani kwamba kwa kuwa umeme ni hafifu, akiishusha hadi 115 mashine itafanya kazi vizuri. Usithubutu. Volti zikipanda kidogo tu utasikia mlio, utanusa moshi, na kazi itakuwa imekwisha. Bandika utepe juu ya swichi hiyo, watoto na mafundi wa majaribio wasiifikie.

3. Kabla ya UPS, nunua kilinzi

Kilinzi ni kile kijisanduku kinachokaa kati ya soketi na kifaa, ambacho watu hukiita gadi ya friji au gadi ya TV. Kazi yake ni mbili: kukata umeme volti zikivuka mpaka juu au chini, na kusubiri kwa muda, kuanzia nusu dakika hadi dakika kadhaa, kabla ya kuurudisha. Yaani kinafanya kidokezo namba 1 na namba 2 hata ukiwa umelala. Kwa kompyuta chagua cha TV au cha vifaa vya elektroniki. Cha friji kinafanya kazi pia, ila kinachelewesha zaidi.

Stabilaiza ni kitu kingine. Hiyo inanyanyua volti zilizoshuka na kushusha zilizozidi, ili uendelee na kazi. Penye umeme hafifu kila jioni inafaa, lakini iwe na nguvu ya kutosha kwa ulichochomeka. Stabilaiza ndogo iliyobebeshwa printa ya leza nayo itahitaji fundi.

Usidanganywe na ekstensheni yenye taa nyekundu. Taa ni taa. Ekstensheni inayokinga kweli imeandikwa kiasi cha nguvu inachoweza kumeza, kwa jouli, na hata hiyo huisha taratibu kila inapopigwa.

4. Angalia tundu la juu

Hapa ningependa kukaa kidogo, maana ndipo pesa za watu zinapopotea bila wao kujua.

Soketi za Zambia, kama za Kenya, zina matundu matatu ya mstatili. La juu ni la ethi, waya unaokwenda ardhini. Nenda duka lolote la fotokopi, utaona plagi ya miguu miwili imelazimishwa kuingia, na kwenye tundu la juu kimechomekwa kijiti, au kifuniko cha kalamu ya Bic, ili milango ya matundu ya chini ifunguke. Kifaa kinawaka na biashara inaendelea. Lakini gusa bodi ya chuma ya kompyuta iliyounganishwa namna hiyo, hasa ukiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji: inakutekenya, inakung'ata kidogo. Huo si uchawi. Ndani ya pawa saplai mna kichujio kinachomwaga uchafu wa umeme kwenda ethi. Ethi ikikosekana, bodi nzima inabaki na karibu nusu ya volti za laini. Mkondo wake ni mdogo, haukuui. Lakini ukichomeka printa au flashi wakati huo, mkondo huo unatafuta njia kupitia mlango wa USB, na milango ya USB haikutengenezwa kwa shughuli hiyo.

Tena vilinzi vingi ulivyosoma kwenye kidokezo cha 3 humwaga ziada ya umeme kwenye ethi. Pasipo na ethi, havina pa kuimwaga.

Mwite fundi mwenye leseni apime. Mara nyingine waya upo ukutani ila ile nondo ya shaba iliyozikwa nje imeibiwa, au imekatika, au imechomekwa kwenye mchanga mkavu wa ufukweni usiopitisha kitu. Mchanga wa Nchelenge mnamo Septemba ni mkavu kwelikweli. Nondo izikwe mahali penye unyevu, kwa mfano karibu na bomba la kunawia, na kiangazi imwagiwe ndoo ya maji mara moja moja.

5. Radi haina mjadala

Kwa hesabu za setilaiti zilizochapishwa 2016, mahali panapopata radi nyingi kuliko pote duniani ni ziwa Maracaibo, Venezuela. Pa pili ni Kabare, mashariki ya Kongo. Mweru iko kusini ya hapo, na kuanzia Novemba hadi Aprili wakazi wake hawahitaji setilaiti kuwaambia.

Wingu likijikusanya upande wa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, chomoa kila kitu. Usichomoe umeme peke yake: chomoa na waya wa antena, waya wa intaneti unaotoka nje, na waya wa ruta iliyofungwa kwenye mlingoti. Radi ikipiga karibu hupita popote penye waya. Hakuna UPS wala gadi ya dukani itakayoizuia ikishuka moja kwa moja. Na fanya hivyo mapema, kwani kushika plagi wakati tayari inapiga juu ya bati ni kuhatarisha mtu kwa sababu ya mashine.

6. UPS ni ya kuagana, si ya kufanyia kazi

Muuzaji atakwambia UPS ya 650VA "inakaa saa nzima". Muombe akufungulie umuoneshe. Ndani mna betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Betri ya asidi ikinyonywa kwa kasi inatoa karibu nusu ya hizo. Kompyuta ya mezani na skrini yake zikila wati 120, umebaki na dakika 20 siku ya kwanza. Baada ya mwaka wa mgao, kila siku ikimalizwa na kujazwa nusunusu, ni dakika tano.

Dakika tano zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu, na hiyo ndiyo kazi yake. Usichomeke printa ya leza, kwa sababu inapopasha moto huvuta mamia ya wati, na UPS inazima palepale ikiondoka na kazi yako. Na mgao ukiwa wa saa 12, usiiache UPS ikae tupu hadi kesho. Betri ya asidi iliyokaa bila chaji inaharibika upesi. Izime kwa kitufe chake ikiwa bado na akiba.

7. Kama unanunua mpya, nunua mpakato

Sina ubishi katika hili. Kompyuta mpakato ni kompyuta yenye UPS ndani yake, inakula wati 30 badala ya 120, na inavumilia volti za chini. Mtaala wa Zambia ulioanza kutumika 2014 ulifanya somo la kompyuta kuwa la lazima kwa madarasa ya sekondari ya chini, na shule nyingi zikapokea kompyuta za mezani, mara nyingi za msaada. Piga hesabu: kompyuta 20 za mezani zinataka wati 2,400, mpakato 20 zinataka 600. Mfumo wa sola wa kuziendesha unakuwa robo ya ukubwa. Msaada wa bure wenye bili ya namna hiyo ungefaa kukataliwa kwa heshima.

Tahadhari kwa za mitumba. Mpakato ambayo betri yake imekufa ni kompyuta ya mezani iliyokunjwa. Kabla ya kulipa, fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, usome ripoti: betri ilitoka kiwandani na uwezo gani, na leo inajaa kiasi gani. Ikiwa chini ya nusu, ama bei ishuke ama uondoke.

8. Kilichomo ndani ni ghali kuliko sanduku

Programu ya kuandika huhifadhi nakala ya dharura kila dakika kumi isipopangwa vingine. Iweke dakika mbili. Usianze kusasisha Windows wala BIOS saa ya mgao inapokaribia. Ikikatika katikati, asubuhi utaamkia skrini nyeusi. Na ukiondoka kidogo, usiilaze kompyuta ya mezani kwa hali ya usingizi, maana kumbukumbu yote hufutika umeme ukikatika. Tumia ile hali inayoandika kila kitu kwenye diski kwanza.

Halafu nakala. Zambia yenyewe ina mfano mzuri. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uitwao SmartCare, ulioanza kusambazwa katika zahanati miaka ya 2000, uliundwa ukijua kwamba umeme na mtandao vitakatika: kumbukumbu zilikaa kwenye kompyuta ya zahanati, na nakala ya mgonjwa ikakaa kwenye kadi yenye chipu aliyoondoka nayo mfukoni. Mashine ya zahanati ikiungua, historia ya mgonjwa haiungui yote. Iga wazo hilo. Nakala moja kwenye mashine, moja kwenye diski ya nje inayolala nyumba nyingine, na mtandao ukiwa mzuri, moja mtandaoni. Flashi moja iliyoning'inia kwenye kompyuta hiyohiyo haihesabiki. Radi itazichukua zote mbili.

9. Mijusi

Kilinzi, UPS na pawa saplai vina joto usiku, na mijusi hupenda joto. Mjusi mmoja akikanyaga sehemu mbili za saketi, gharama unazijua. Funika matundu makubwa kwa wavu mwembamba wa chuma, usizibe ya kupitishia hewa, na pangusa vumbi kila mwezi kifaa kikiwa kimechomolewa.

10. Jenereta: washa, subiri, ndipo uchomeke

Jenereta ndogo za petroli huyumba zinapowashwa na zinapokaribia kuishiwa mafuta, na hapo ndipo zinapoua vifaa. Iache ichangamke dakika tatu, ndipo uunganishe kompyuta. Kabla ya mafuta kuisha, chomoa kompyuta kwanza. Na tafadhali, usitumie ule waya wenye plagi pande zote mbili kurudisha umeme kwenye soketi ya nyumba. Umeme wako unapanda hadi kwenye nguzo, na fundi wa laini anayedhani hakuna umeme ndiye atakayeupokea.

11. Sola, kwa akili ya mvuvi

Wavuvi wa chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru, huvua kwa taa usiku usio na mbalamwezi. Karabai zimepisha taa za LED na betri, kwa hiyo elimu ya betri ipo ufukweni. Muulize mvuvi kama betri ya gari inafaa kumalizwa kila usiku: atakucheka. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Kwa kompyuta tafuta betri ya mzunguko wa kina, au ya lithiamu chuma-fosfeti ikiwa mfuko unaruhusu. Hiyo unaweza kuitumia karibu yote bila kuiumiza.

Hesabu ya duka dogo: mpakato wa wati 30 kwa saa sita ni wati-saa 180, ruta ya wati 10 kwa saa 12 ni 120. Jumla 300. Paneli ya wati 100 kwenye jua la kiangazi inazileta. Katika miezi ya mvua huenda ikaleta nusu, kwa hiyo weka mbili. Kama mpakato wako unachajiwa kwa USB-C, nunua chaja ya gari ya wati 65 uichomeke moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 na kuachana na inveta. Inveta inakula umeme kwa kuwaka tu, na zile za bei rahisi hutoa wimbi la kukwaruza linalochemsha chaja.

 

12. Intaneti ina umeme wake

Mwaka 2013 wenzetu wa shirika la teknolojia la Ushahidi, Nairobi, walitangaza BRCK, modemu yenye betri ya saa nane, iliyobuniwa kwa ajili ya kukatika huku. Wazo linafaa hata kwa ruta ya kawaida: iwekee pawa benki yake. Ila mgao ukiwa mrefu, betri za mnara wa simu nazo huisha, na hapo ruta yako itawaka vizuri bila kuwa na wa kuongea naye. Usiache kazi inayotegemea mtandao hadi saa ya mwisho.

13. Jaribu kabla hujahitaji

Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya yote ilizama gizani. Katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta zilikuwepo, lakini ya sehemu moja ya abiria haikuwaka, na wasafiri wakakaa kwenye kiza. Kama uwanja wa ndege unaweza kukwama hivyo, UPS yako ya Kashikishi ijaribiwe.

Kila mwezi, hifadhi kazi, chomoa UPS ukutani, uhesabu dakika. Zikipungua chini ya tano, badilisha betri peke yake. Sanduku ni zima. Fanya ukaguzi mkubwa Oktoba. Uvuvi hufungwa tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, pesa mjini zinaadimika, na miezi hiyo hiyo ndiyo ya radi. Betri inayonunuliwa Januari hununuliwa kwa mkopo, au hainunuliwi.